Sura ya Tatu: Umesoma Wapi?

Nilikuwa nimekaa barazani na bi mkubwa mmoja, mtaa wa Mkunazini, alipokuja kijana mwenye karatasi za dodoso. Kijana ana adabu zake. Alivua viatu kabla hajakanyaga mkeka, akasema, "Shikamoo bibi," naye akajibiwa, "Marahaba mwanangu, karibu kitako." Alikuwa akipita nyumba kwa nyumba kukusanya habari za wakaazi wa Mji Mkongwe. Maswali yote yameandikwa kwa Kiingereza, yeye anayageuza Kiswahili hapo hapo, na wala hakuwa akiyageuza vibaya. Aliuliza umri. Aliuliza nyumba ina watu wangapi, maji yanatoka kila siku au kwa zamu, paa linavuja au halivuji. Kisha akafika kwenye swali la masomo.

"Bibi, skuli umesoma mpaka darasa la ngapi?"

"Skuli sikusoma mie, mwanangu. Nimesoma chuoni."

Kijana akainamisha kichwa, akatia alama kwenye kisanduku. Nilichungulia. Kilikuwa kisanduku cha juu kabisa, kile cha mtu ambaye hakusoma kitu.

Bi mkubwa yule namjua tangu utoto wangu. Alihitimu msahafu kabla hajavunja ungo. Barua anaandika kwa Kiswahili cha hati za Kiarabu, mistari imenyooka kama iliyopigwa rula. Kwa zaidi ya miaka 30 ukumbi wa nyumba yake ulikuwa chuo, watoto wamejipanga ukutani, kila mmoja na juzuu yake, sauti zao zikisikika mpaka njia ya Darajani. Nusu ya wanaume wa mtaa ule, pamoja na wenye shahada, walijulia kwake alif, be, te. Na siku ile, mbele ya macho yangu, akaandikwa kuwa hakusoma.

Kosa halikuwa la kijana. Alipewa karatasi yenye neno moja la Kiingereza, *school*, akalitafutia neno moja la Kiunguja, akalipata: skuli. Tafsiri sahihi kwa kila kamusi. Lakini neno moja la Kiingereza likivuka bahari likafika kwetu, haliingii nyumba moja. Hugawanyika likaingia nyumba tano, na pengine milango ya nyumba hizo haitazamani.

Tuanze na neno lenyewe huko linakotoka.

Mwingereza analitumia *school* kama anavyotumia maji, bila ya kulifikiria. Akisema leo hakuna *school*, hamaanishi kuwa jengo limebomoka usiku. Anamaanisha hakuna masomo. Akisema *school* nzima ilicheka, kuta hazikucheka, waliocheka ni watoto na walimu wao. Kwa hiyo tayari tuna vitu vitatu: jengo, masomo na watu. Hapa Kiswahili hakina tabu, kwani na sisi twasema "leo hakuna skuli" na "skuli nzima ilikwenda kumzika mwalimu," na kila mtu anafahamu.

Tabu inaanza ngazi zinapopanda. Huko Marekani mtu wa umri wa miaka 40 anayesomea shahada yake ya pili atakwambia yuko *school*. Jamaa zetu waliohamia huko wamelichukua neno kwa maana hiyo hiyo. Dada mmoja alimpigia simu mama yake Kikwajuni kumpa habari njema kuwa anarudi skuli. Mama alinyamaza kidogo, halafu akauliza kwa huzuni, "Kwani ile uliyosoma hapa hawakuikubali?" Kwa mama yule, skuli ni kitu ambacho mtu hukimaliza akiwa bado kijana. Anayesoma baada ya hapo yuko chuo.

Hata vyuo vikuu vyenyewe kwa Kiingereza vina *school* ndani yake. Taasisi ya Kiswahili na Lugha za Kigeni, ile TAKILUKI ya Vuga iliyowafundisha Kiswahili wageni wengi, iliingizwa katika Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, na sasa jina lake la Kiingereza linaanza na *school*. Mzazi wa shamba akiambiwa mwanawe yuko "skuli ya Kiswahili chuo kikuu" ana haki ya kushangaa. Katika hesabu yake skuli iko chini na chuo kiko juu. Vipi tena cha juu kikibebe cha chini tumboni?

Halafu kuna *school* ambayo haina dawati wala ubao. Mwingereza akiandika juu ya Uislamu wa Unguja atasema wengi wetu ni wa *school* ya Imamu Shafii, na kwamba Waomani waliotawala hapa walikuwa wa *school* ya Ibadhi. Sisi neno hilo tunaliita madhehebu, na kwa Mji Mkongwe si neno la vitabuni. Enzi za masultani kadhi wa Kishafii na kadhi wa Kiibadhi walikaa katika mji mmoja, kila mmoja akihukumu kwa fikihi yake, na watu wakijua waende kwa nani. Nimewahi kupewa kijitabu cha wageni, kimetafsiriwa na watu ambao sitawataja, kikisema wakaazi wa Zanzibar "wamesoma skuli ya Shafii." Nilikirudisha nimekipigia mstari. Msomaji asiyejua angedhani kuna jengo la jina hilo mahali fulani karibu na Malindi.

Na kuna *school* ya baharini. Samaki wakienda pamoja, Mwingereza huwaita *school*. Wavuvi wa dagaa wa Mangapwani, wanaongoja giza la mwezi ili wawashe taa na kuwavuta samaki juu, wanakiita kitu hicho kundi, basi. Wengi hudhani Waingereza waliwafananisha samaki na watoto wanaotoka darasani kwa wingi. Sivyo. Hilo ni neno jingine kabisa, limetoka kwa Waholanzi, na maana yake tangu mwanzo ilikuwa kundi. Maneno mawili yasiyo na udugu yamevaa kanzu moja. Jambo hilo liwekwe akilini, kwani tutakuta mfano wake katika neno letu wenyewe.

*School* ya masomo ndiyo yenye safari ndefu. Asili yake ni Kigiriki, na Wagiriki wa kale waliposema *skhole* walikusudia faragha: muda ambao mtu hana kazi ya mikono. Katika muda huo watu wazima walikaa wakazungumza mambo ya akili. Polepole neno likahama kutoka kwenye muda likaenda kwenye mazungumzo, kutoka kwenye mazungumzo likaenda kwenye mahali, na Warumi walipolichukua likaenea Ulaya nzima.

Kila nikikumbuka maana hiyo ya kwanza, akili yangu haiendi Ugiriki. Inakwenda msikitini, baina ya Magharibi na Isha. Sala ya Magharibi imekwisha, ya Isha haijafika, maduka yamefungwa, na watu wamekaa nusu duara kumzunguka sheikh kusikiliza darsa. Ndivyo walivyosomesha katika Mji Mkongwe masheikh wakubwa wawili, Sayyid Ahmed bin Sumait na Sheikh Abdallah Bakathir, ambao wote walifariki mwaka 1925. Bakathir alisomesha Msikiti Gofu na nyumbani kwake Ukutani, na madrasa iliyobeba jina lake imeendelea kusomesha vizazi baada yake. Waliohudhuria hawakuandikishwa popote wala hawakupewa vyeti vya darasa la ngapi. Walikuwa na saa moja ya faragha wakaitumia kwa elimu. Mgiriki yule wa kale angepita njia ile jioni, angelitambua neno lake.

Sasa tuje kwetu, kwenye chuo, ambalo kwa maoni yangu ni neno tajiri kuliko *school* mara nyingi.

Kwanza kabisa chuo ni kitabu. Kamusi za Kiswahili zilizotungwa na wamishionari katika karne ya 19 zinaliandika kwa maana hiyo, na kumbukumbu yake imebaki katika majina ya kazi za kale. Utenzi mrefu wa Pate ambao hati yake ina tarehe ya mwaka 1728, ule wa vita vya Tambuka, unajulikana pia kwa jina la Chuo cha Herkali. Hakukusudiwa chuo cha ualimu cha Mfalme Herkali! Ni kitabu cha habari zake.

Kutoka kitabu likaja jina la mahali panaposomwa kitabu. Na kwa pwani yetu kitabu ni kimoja kabla ya vyote. Kwa hiyo kumtia mtoto chuoni ni kumpeleka kwa mwalimu akasome Qurani, hata kama mwalimu mwenyewe anasomesha sebuleni kwake, mtungi wa maji pembeni na henzerani nyuma ya mlango. Chuo hakihitaji jengo. Kinahitaji mwalimu na kitabu. Tofauti hiyo na skuli ni kubwa: skuli mwalimu akihama, skuli inabaki na hungoja mwalimu mwingine. Chuo mwalimu akifa, mara nyingi na chuo kimekufa, watoto wakatawanyika kwenye vyuo vyengine vya mtaa.

Hapo hapo likazaliwa neno mwanachuoni. Tazama silabi moja inavyofanya kazi. Mwanachuo ni kijana anayesomea cheti au shahada, mwenye kitambulisho shingoni. Mwanachuoni ni mtu mzima aliyebobea katika dini, ambaye fatwa yake inasikilizwa. Anayeandika habari za wanachuoni wa Unguja akaangusha ile "-ni" ya mwisho, amewageuza mashekhe kuwa vijana wa mwaka wa kwanza. Nimeona limefanyika.

Chuo cha tatu ni hiki cha siku hizi, cha ualimu, cha utalii, cha afya, na juu yao chuo kikuu. Hapa Kiswahili kilihitaji neno la elimu ya juu, kikanyoosha mkono kikachukua neno lenye heshima kuliko yote kiliyokuwa nayo. Sioni chaguo bora.

Chuo cha nne humshtua kila mgeni kutoka bara. Kule kuna magereza. Zanzibar, baada ya Mapinduzi, gereza likapewa jina la Chuo cha Mafunzo, na wanaotumikia vifungo wakaitwa wanafunzi. Ndilo jina la idara ya serikali, limeandikwa kwenye kibao cha Kilimani, na timu yao ya mpira, Mafunzo, imo katika ligi kuu ya Zanzibar kama timu yoyote. Wapo wanaosema ni kuficha jambo zito kwa neno laini. Mimi naliheshimu jina lile. Linamwambia aliyefungwa kwamba serikali imekusudia atoke akiwa amejifunza kitu, na likimwambia hivyo, linampa pia haki ya kuuliza amefunzwa nini. Neno gereza lenyewe halikuanza na pingu. Asili yake inatafutwa katika neno la Kireno la kanisa, na Ngome Kongwe pale Forodhani, ambayo Waomani waliijenga mahali palipokuwa na kanisa la Wareno, katika karne ya 19 ilitumika kufungia watu. Basi katika kisiwa kimoja neno la kanisa limekwenda jela, na jela nayo ikapelekwa chuo.

Chuo cha tano hakina mwalimu. Ni ndoa ya mwanamke, kwa hesabu. Ukiuliza mama fulani ameolewa mara ngapi, utajibiwa, "Huyu ni chuo chake cha tatu," na maana yake ni mume wa tatu. Ndipo nilipokusudia niliposema yakumbukwe yale ya samaki. Mtafsiri aliyejifunza neno moja kwa maana moja ataandika kwamba mama yule amesoma vyuo vitatu, na bi mkubwa wetu wa Mkunazini, ambaye karatasi imemnyima hata kimoja, atakuwa jirani yake katika orodha.

Sasa skuli imeingiaje?

Tarehe ya kukumbuka ni tarehe 1 Julai 1890. Siku hiyo Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba uliogawa maslahi yao Afrika. Unguja na Pemba zikawa chini ya himaya ya Waingereza, bara ya Tanganyika ikabaki kwa Wajerumani. Wagawaji hawakuwa wakifikiria maneno, lakini maneno nayo yaligawika siku ile. Mwaka 1892 Wajerumani walifungua skuli ya serikali Tanga, na kutoka lugha yao, *Schule*, bara wakapata shule. Sisi tukachukua la Waingereza. Neno moja la Kigiriki likaingia Kiswahili mara mbili, kwa milango miwili, mmoja wa Tanga na mmoja wa Unguja, na ndugu hao wawili walipokutana hawakujuana.

Hapa nina la kusema na nitalisema wazi. Walipokaa wataalamu wa serikali za kikoloni Mombasa mwaka 1928 kuamua Kiswahili kipi kiwe sanifu, walichagua Kiunguja. Kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaundwa mwaka 1930, na vitabu vya kiada vikapita mikononi mwake. Kwa hiyo lahaja yetu ndiyo iliyofanywa msingi wa lugha wanayosoma watoto wa Kigoma na Kisumu. Na bado mahali penyewe wanaposomea lugha hiyo pamebaki na jina la Kijerumani, jina la Unguja likiwekwa pembeni kana kwamba ni la mitaani. Mhariri mmoja wa bara alinirudishia mswada wangu, kila palipokuwa na skuli amepiga mstari mwekundu na kuandika shule juu yake, mara 41. Nilizihesabu. Sikatai shule, ni neno zuri na limekomaa. Ninachokataa ni kuambiwa kuwa neno la Mjerumani ni Kiswahili na neno la Mwingereza ni kosa, ilhali yote mawili yalikuja na meli, na letu limo katika jina la kila skuli ya serikali ya Unguja na Pemba. Wazee wa Mombasa nao bado wanalo midomoni.

Skuli ya kwanza ya serikali Unguja ilifunguliwa mwaka 1905, wakati wa Sayyid Ali bin Hamoud, sultani ambaye mwenyewe alisomeshwa Harrow huko Uingereza. Haikupokewa kwa ngoma. Wazazi wengi, hasa wa mashamba, waliitazama wakaona nyumba isiyo na Qurani, mwalimu anayeandika kutoka kushoto kwenda kulia, na mtoto anayechukuliwa saa zile zile za chuo. Wakawaondoa watoto. Maafisa waliandika kuwa wazazi hawataki elimu. Hilo ni kosa lile lile la kisanduku cha Mkunazini, limefanywa miaka mingi kabla. Wazazi walikuwa na elimu yao, ina jina na ratiba, na mtoto wao alikuwa tayari yumo ndani yake. Serikali ilipowaingiza walimu wa Qurani katika skuli zake, watoto wakaanza kurudi. Kilichowarejesha ni chuo kupewa chumba ndani ya skuli.

Kwa wasichana hadithi ni chungu zaidi. Sayyida Salme, binti wa Sultani Said bin Sultani aliyezaliwa mwaka 1844 katika kasri la Mtoni, alisomeshwa kusoma Qurani kama watoto wote wa kasri, lakini kuandika hakukuwa kwa wasichana. Akajifundisha kwa siri, akinakili herufi za msahafu kwenye mfupa wa bega la ngamia. Mwanamke huyo ndiye aliyekuja kuitwa Emily Ruete huko Ujerumani na kuchapisha kumbukumbu za maisha yake mwaka 1886. Mbele ya karatasi ya kijana wetu, Salme naye angetiwa alama kisanduku cha juu: skuli hakusoma. Skuli ya serikali ya wasichana ilikuja kufunguliwa mjini mwaka 1927, na mabinti waliokwenda huko ndio waliokuja kuwa walimu wa mama zetu.

Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964, mwezi wa Septemba Mzee Karume alitangaza elimu bila malipo, na tarehe 23 ya mwezi huo inaadhimishwa mpaka leo. Majina yakabadilishwa. Skuli iliyokuwa na jina la Mfalme George wa Sita ikawa Lumumba. Nyengine zikaitwa Haile Selassie, Ben Bella, na huko Pemba Fidel Castro. Majina yote hayo mapya, na neno skuli likabaki mbele yao lilivyo. Hakuna aliyeona kuwa ni la mkoloni. Lilikuwa limeshakuwa letu.

Leo mtoto wa Unguja ana maisha mawili ndani ya siku moja, na kila maisha yana msamiati wake. Skuli zetu nyingi zina mikondo miwili. Anayesoma mkondo wa asubuhi atatoka na shati jeupe, atarudi adhuhuri, atakula, atavua, na alasiri utamuona njiani tena amevaa kanzu na kofia, au ushungi umefika kiunoni, anakwenda chuoni. Wengine siku hizi wanasema madrasa, hasa pakiwa na jengo na vibao na mitihani. Skuli inafungwa Jumamosi na Jumapili, chuo kina mapumziko yake Alkhamisi na Ijumaa. Kwenye skuli mtoto hupanda darasa. Chuoni hupanda juzuu. Mtu akimuuliza, "Ushahitimu?" hamuulizi habari za skuli. Skuli humalizwa. Kinachohitimiwa kwanza ni msahafu, na siku hiyo nyumbani hupikwa, watu wakaalikwa.

Hata kabla ya skuli kuna neno letu la pekee: maandalizi, kwa watoto wadogo ambao bara wanawaita wa chekechea. Na wanaolala huko huko wanakaa dahalia, neno la Kiarabu ambalo mwanafunzi wa Dodoma pengine hajalisikia. Sitazidi hapo. Nimelitaja tu ili ionekane kwamba katika jambo hili kisiwa hakikukopa ovyo. Kilichukua la Mwingereza kwa kitu cha Mwingereza, cha Mwarabu kikakiachia jina la Mwarabu, na kile cha zamani kabisa kikabaki na jina lake.

Kwa hiyo mtu aliyekaa ofisini na karatasi ya Kiingereza afanyeje? Ushauri wangu si kutafuta neno jengine la kulipachika mahali pa *school*, kwani halipo. Kiswahili hapa hakifanyi kazi kwa jina, kinafanya kwa kitenzi. Tunacho kusoma. Ni kitenzi kipana: mtu anasoma gazeti, anasoma udaktari, anasoma maulidi, anasoma khitma ya marehemu, na mtoto mwenye homa anasomewa Yasini. Ukimkuta mtoto njiani humuulizi yuko darasa la ngapi kwanza. Unamuuliza, "Wasoma?" naye anakujibu, "Nasoma," halafu anakwambia wapi.

Nilimwambia kijana wa dodoso hivyo, siku ile ile, kabla hajafunga kalamu. Nilimuomba aliweke swali upya, asitafsiri, aulize kama anavyomuuliza bibi yake mwenyewe. Alinitazama, akaitazama karatasi, akasogea karibu na mkeka.

"Samahani bibi, nimekuuliza vibaya. Umesoma wapi?"

Bi mkubwa aliweka chini kikombe cha kahawa.

"Mie? Nimesoma chuo cha nyuma ya msikiti hapo, kwa mwalimu mwanamme, mpaka nilipofika juzuu ya kumi. Kisha babangu akasema nimeshakuwa mkubwa, nisitoke. Nikasomeshwa ndani na shangazi yangu, yeye ndiye aliyenihitimisha. Fikihi nimesoma kwa mume wangu, Mungu amrehemu, kila usiku baada ya Isha, kitabu kimoja miaka miwili. Maulidi nimesoma kwa masikio tu, kwa kuwafuata wakubwa. Hesabu nimesomeshwa na mwanangu alipokuwa skuli, akirudi ananionesha kwenye kibao. Na wewe andika na hili: hao watoto niliowasomesha mie, na wao wamenisomesha…"

Kijana alikuwa akiandika. Kisanduku kilikuwa na nafasi ya alama moja. Alijaza ukingo wa karatasi, akaigeuza, akaendelea nyuma.